Kioo cha Pili

Katunge aliinamia darubini akitafuta rangi ya kahawia kwenye kipande cha utumbo wa mtoto. Hakuiona.

Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili, tumbo limevimba, choo hakipiti. Asubuhi Katunge alidondoshea nyama ile kingamwili inayonasa protini ya seli za neva na kuzipa rangi ya kahawia. Zisipoonekana, utumbo hauna neva, na daktari wa upasuaji ataukata.

Simu ikalia.

"Tumeshamwandaa mtoto. Hana neva, sivyo?"

"Nipe dakika moja, daktari."

Aliweka kioo cha pili. Hicho kilikuwa na kipande cha utumbo wa mtu mwingine asiye mgonjwa, wenye neva bila shaka, nao ulipata dawa ileile. Alitazama pembe moja hadi nyingine. Kahawia haikuwapo.

Alikwenda kugusa kichupa cha kingamwili ndani ya jokofu. Kilikuwa vuguvugu. Stima ilikuwa imepotea siku mbili, na Garissa haina huruma na kitu kinachohitaji baridi.

Alirudi kwenye simu. "Daktari, dawa yangu imekufa. Sijui kama mtoto ana neva au hana. Usimkate."

"Dawa nyingine inatoka Nairobi. Unajua anaweza asiingoje?"

"Najua."

Kwenye benchi ya nje, mama mtu alisimama alipomwona, mtandio ukamteleza begani.

"Dada, umebata jibu?" aliuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

Katunge alivua glavu, akaketi, akamvuta mama aketi naye.

"Sijapata, mama," alisema. "Nimekosea, nilitumia dawa iliyoharibiwa na joto. Nisikilize."