Viatu vya Tatu

Miaka tisa Kidawa alikuwa akikaanga samaki katika mgahawa ule, ndala miguuni. Leo tajiri wao mwenye mgahawa amemletea Tatu, mwosha vyombo mgeni, viatu visivyoteleza, kwa kuwa karoni ni maji matupu. Wivu ukamkaba Kidawa.

Mafuta yalipomwagika sakafuni, hakuyanyunyizia chumvi ya kuzuia utelezi wala kuwatahadharisha wenzake, ingawa ndiyo desturi yao. “Tuvione hivyo viatu,” alijisemea.

Tatu alipita na rundo la sahani, akayakanyaga, asiteleze. Akazitua sahani, akayanyunyizia chumvi mwenyewe.

“Ungekuja kuanguka, dada. Unavaa namba ngapi?”

“Sita,” Kidawa alijibu.

“Kama mimi. Basi tutapokezana, leo anza wewe.”

Tatu akavivua, akasimama peku kando ya mafuta. Alipoinua mguu ayavuke, Kidawa alikuwa amekwisha kumnyooshea mkono asianguke.