Mwisho wa Behewa la Saba

Kwa miongo kadhaa sasa miwani ya televisheni husoma moyo wa mtazamaji, kisha humwonyesha mwisho anaoutamani yeye mwenyewe. Ndiyo maana mashabiki wa tamthilia ya zamani, Behewa la Saba, walipokutana Mwanza, mashine ya mlangoni ilimvisha kila mtu utepe: wa kijani kwa aliyemwona mhusika mkuu, Sitta, akirudi kwa mkewe, mwekundu kwa aliyemwona akipanda treni bila hata kugeuka.

Nyamizi alivishwa wa kijani. Akamsubiri mumewe, Mashimba, mkononi ameshika kofia aliyomshonea mwenyewe, kama ya Sitta.

Mashimba akavishwa mwekundu.

"Imekosea hii, Baba Shija! Waambie wapime tena."

"Haijakosea. Twende tukakae, watu wanatuangalia."

"Si tuliangalia wote, kochi moja?"

"Tuliangalia."

Nyamizi alikumbuka kipindi cha mwisho, machozi yakimtiririka mumewe chini ya miwani, naye akamshika mkono wakalia pamoja. Miaka thelathini amewasimulia watoto jinsi baba yao alivyo na moyo laini.

"Siku ile ulikuwa unalia nini?"

Mashimba aliichukua kofia, akaivaa vizuri.

"Furaha," alisema.