Kamba ya Mpira

Ofisini kwake, Mzee Kilumanga, mkuu wa maabara, alinyoosha mkono kudai ufunguo. Utafiti wa Shemsa ulikuwa umefungwa. Shemsa aliuweka ufunguo mezani, kisha kando yake akaweka mpira wa chandimu, matambara na mifuko ya nailoni iliyokazwa kwa kamba ya katani.

"Ndiyo nini hii?"

"Kirusi cha korona, Mzee. Jaribu kukichana."

Mzee alivuta, akakwaruza. Mpira haukuachia hata uzi.

"Wenzako wote wanahangaika na miiba ya nje ya kirusi," alisema.

"Miiba inabadilika kila msimu. Mimi naitaka kamba. Kirusi kikiingia ndani ya seli, kinatengeneza protini ya utando wake. Hiyo ndiyo inayoviita vipande vyote, miiba na vinasaba, ikavifunga pamoja. Dawa yangu inaishika isijikunje kuvifunga. Vipande vitakuwepo, kirusi hakitakuwepo."

"Panya wako walikufa, binti."

"Safari hii wamekufa wachache. Dada yangu tulimzika bila kumwosha, Mzee. Ufunguo chukua. Nitapiga hodi maabara nyingine, na nyingine, mpaka nifunguliwe."

Akalitafuta fundo kwa ukucha, akalivuta. Kamba ikalegea. Matambara yakaanza kufumuka polepole, yakatanda mezani, yakaufunika ufunguo.

Mzee alirudisha mkono bila kuuchukua. Akasogeza kikombe chake cha chai, akayapisha matambara.