Bakuli la Bosi

Bosi alinusa bakuli, akageuza uso kama mgeni aliyeletewa kiporo.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshasema: mbwa huyu ana mzio, ale zile punje kavu za chakula cha mbwa tu, la sivyo atajikuna mpaka atoke vidonda. Tumbo lake lilikuwa limeshanyonyoka manyoya, jekundu tupu. Nilizilowesha punje, nikambembeleza, nikamlisha kwa mkono. Wapi!

"Mwache," baba alisema akiwa mezani. "Hata mimi nisingekula." Akaisukuma sahani yake ya mboga zisizo na chumvi. Presha ilikuwa imempanda, naye alikuwa amepigwa marufuku kula chumvi.

Hapo ndipo nilipomwona Bosi. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa baba. Sahani iliposogea, naye akalisukuma bakuli kwa pua.

Nikairudisha sahani. "Baba, hebu sukuma tena."

"Una nini wewe?"

"Sukuma tu."

Akasukuma. Bakuli likakwaruza sakafu.

"Haki ya nani," baba alisema polepole.

"Sasa onja."

"Nionje nini? Majani haya?"

"Onja, tuone."

Aliziangalia mboga, kisha akaliangalia lile tumbo jekundu. Akachota kijiko kimoja, akatafuna kama anayetafuna sabuni. Bosi alisimama, masikio juu, pua karibu kabisa na bakuli.

"Usikunje uso, baba," nilinong'ona. "Anakuangalia."