Kinu cha Tabu

Siku moja baada ya matokeo ya kura, Tabu alikuja kwa jirani yake Nyamizi kuchukua kinu alichomwazima.

"Shoga, mmeshindwa kura, sasa mnadai hadi vinu?" Nyamizi alimtania.

Tabu hakucheka. Aliyamwaga mkekani mahindi yaliyokuwa kinuni, akakilaza kinu na kuanza kukivingirisha. Alikuwa jirani wa tatu kuja kuchukua chake. Wa kwanza alichukua ungo, wa pili jembe. Nyamizi akalitazama paa lake la nyasi, kicheko kikamkauka.

"Na mchi je?"

"Mchi kaa nao karibu," Tabu alisema bila kugeuka. "Na wanao wasilale ndani ya nyumba hiyo leo."

Kinu kilivingirika njiani kikidondosha chenga, kuku wa Nyamizi wakakifuata.