Punda Anayeuma Mguu

Kitendawili! Haya, sema tega. Nina punda hali majani, anapanda milima, na ukimshukia upande wa kulia anakuuma mguu.

Umeshindwa? Ni pikipiki. Meno yake ni bomba la moshi.

Jumamosi ile mjukuu wangu Hildegardi alirudi na babu yake kutoka mazoezi ya kwaya. Alipoinama kunawa miguu, nikaona kidonda kibichi upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia, kirefu kama kidole, ngozi imejikunja pembeni.

"Nimeungua jikoni, bibi."

"Jikoni ulipanda juu ya jiko?"

Baba yake alitufia kwenye kijia cha kuteremkia Ngumbo. Pikipiki ilimtupa ndani ya mashimo ya ngolo tunayolimia mlimani, katikati ya mahindi. Siku ya kumzika, mimi na mume wangu tulishika msalaba wa kaburi tukaapa: katika nyumba hii hapandi mtu pikipiki tena.

"Nani anakufundisha kupanda pikipiki huko milimani?" nikamwuliza.

Akavuta nguo kufunika kidonda.

"Ni wale vijana wa bodaboda? Sema, niwafuate na mwiko!"

Akatazama chini. Mume wangu alikuwa akichambua kahawa kwenye ungo, hainui macho. Nikamgeukia anisaidie.

"Mzee, mwulize wewe. Wewe ndiye unayempeleka kwaya."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Tangu siku ya kwanza nilimwambia ashukie kushoto," akasema.