Kinu Kisichosimama

Ngiri alikuwa na kinu kikubwa cha kusaga mtama, kilichozungushwa na maji ya mfereji. Alipochoka kukiendesha mwenyewe alitafuta msimamizi. Walikuja Kima na Siafu, naye akawauliza swali moja tu: "Ukifa kazini, nani ataendelea?"

"Hakuna, Bwana," alijibu Kima. "Nitakaa kwenye mlango wa maji, nikiufungua na kuufunga kwa maagizo yako. Nikifa, kinu kitasimama."

Siafu walijibu kwa sauti nyembamba iliyotoka kila upande. "Sisi tutakaa mlangoni, kwenye mawe na kwenye chekeche, tukipashana habari. Tukifa hata elfu, kazi haitajua."

Ngiri akamcheka Kima, kinu akawapa Siafu.

Kilisaga vizuri mpaka mtama ukaisha. "Basi, simamisheni," alisema Ngiri. Mawe yakaendelea kuzunguka. Siafu wa mlangoni alimwambia amuulize wa kwenye mawe. Wa kwenye mawe akamrudisha mlangoni. Akawakanyaga wote wawili. Wengine wakashika nafasi zao kimya kimya.

"Mkubwa wenu ni nani?" alifoka Ngiri.

"Hatuna, Bwana. Ulituuliza nani ataendelea. Hukuuliza nani atasimamisha." Wakaanza kumpanda miguuni, taratibu, bila hasira. "Na mawe yanataka kitu cha kusaga."

Kesho yake majirani walikuja kuchukua unga. Ulikuwa laini kama siku zote, ila ulikuwa na nywele nyeusi ngumu, kama za Ngiri. Ndani kinu kilikuwa kinazunguka.

"Mtama umeisha," ilisema sauti nyembamba. "Karibuni ndani."